Mkono wa Mheshimiwa Mno Ulivyofika Kitanda cha Mwisho

Nchi ya Hewala haimo katika ramani, na wachora ramani wasilaumiwe. Kila wakitaka kuichora huambiwa wasubiri kidogo, bado haijazinduliwa.

Huko Hewala kitu kisichozinduliwa hakijawa kitu. Daraja laweza kusimama juu ya mto, zege limekauka, vyuma vimepakwa rangi, na watu wakaendelea kuvuka chini yake wakiloa mpaka kiunoni, kwa sababu utepe haujakatwa. Shule moja ilikaa na utepe mlangoni hata watoto waliokuwa waingie darasa la kwanza wakaota ndevu, wakaoa, wakazaa. Siku ya uzinduzi waliingia wote, baba na mwana, dawati moja. Hakuna aliyelalamika. Wimbo wa taifa lao una mstari mmoja tu, nao ni ule wa wahenga: hewala haigombi.

Aliyeipa desturi hii meno ni Bwana Machano Pandu, Mkuu wa Itifaki. Ndiye aliyepanga nani atangulie kupita mlangoni, nani apige makofi kwanza na nani akohoe lini. Alikuwa mtu mwembamba, aliyenyooka kama rula, na tai yake haikupinda hata alipokuwa amelala. Vifungu vya Itifaki alivitunga mwenyewe na kuvijua kwa moyo, na alichokipenda kuliko vyote ni hiki: salamu kwanza, uzinduzi baadaye.

Sasa, Hospitali Kuu ya Hewala ilikuwa na ugonjwa mmoja usioletwa na mgonjwa yeyote. Mtu aliingia na mguu uliovunjika, mguu ukaunga, akafa kwa kidonda. Mwingine aliingia kumtazama shangazi yake, akalazwa kitanda cha pili. Madaktari walisema ni bakteria. Wizara ikatoa tamko: bakteria hawapo Hewala, na hao waliopo ni wapinzani wadogo wasio na kibali, wamepewa hadi Ijumaa wawe wameondoka.

Ijumaa ilipita. Wapinzani wadogo walikuwa wamehamia kwenye mshikio wa mlango wa Wadi ya Wanawake. Mshikio ule ulikuwa wa shaba, uking'aa kwa kushikwa. Daktari aliyetoka kukamua jipu aliushika. Mfagizi aliushika. Muuguzi aliushika, akaenda kumgeuza mgonjwa, akakamata na chuma cha kitanda, akalivuta na pazia. Mshikio ule ulisalimiana na watu wengi kuliko Waziri wa Mambo ya Nje.

Na msidhani hapakuwa na mahali pa kunawa. Palikuwapo! Masinki yalikuwa yamefungwa ukutani, meupe pe, na mabomba yake yanang'aa. Yalifungwa pia utepe. Tangu Ramadhani iliyopita Koplo Makungu alisimama mbele yake na bunduki, asije muuguzi mwenye haraka akayatumia kabla ya kuwapo.

Bwana Machano aliyajua yote hayo kama mtu anavyojua kwamba Bara la Antaktiki lina baridi. Hayakumhusu. Mpaka mkewe, Bi Mize, aliposhika ubavu wake wa kulia katikati ya kukuna nazi, akasema, "Baba Zena, leo nakufa," akaanguka juu ya mbuzi.

Ilikuwa kidole tumbo. Alipasuliwa vizuri, akashonwa vizuri. Na kwa kuwa alikuwa mke wa mkubwa, alipewa kitanda cha heshima, cha mwisho, kando ya dirisha. Bwana Machano alifurahi. Ziara ya Mheshimiwa Mno, mkuu wa nchi, ilikuwa kesho yake, kuja kuyazindua masinki. Picha ya mwisho magazetini ingekuwa ya mkewe.

Bi Mize hakufurahi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache yenye pilipili.

"Baba Zena, kitanda hiki alilala nani kabla yangu?"

"Mtu tu."

"Kaenda wapi huyo mtu tu?"

Aliyejibu ni jirani yake, Bi Zuwena, mama mnene wa kitanda cha pili kutoka mwisho, ambaye mguu wake ulikuwa umefungwa bandeji yenye madoa ya manjano. "Katoka kwa mlango wa nyuma, dada. Naye kidole tumbo, kama wewe. Kidonda chenyewe kidogo, kama mdomo wa kuku. Mara kikawa chekundu, mara kikavimba, mara tukamwomba afungue dirisha kwa harufu. Basi."

Mlango wa nyuma wa hospitali ile ulitokea sehemu moja tu, na humo watu walihifadhiwa kwa barafu.

Bwana Machano alihisi tai inambana. Kabla hajailegeza, Daktari Ngwali, aliyempasua Bi Mize, alimshika kiwiko akamvuta nyuma ya pazia.

"Ziara ya kesho ifutwe."

"Daktari, jua halifutwi."

"Basi nisikilize. Umeuona mguu wa Bi Zuwena? Usaha ule una wadudu wanaokula dawa zetu kama kashata. Hawana miguu, hawana mabawa. Wanachosubiri ni kubebwa tu, na mbebaji wao ni mkono. Mheshimiwa ataanza kitanda cha kwanza atamaliza cha mwisho. Kila kitanda atachukua, kila kitanda ataacha. Cha mwisho ndicho kitakachoteremshiwa shehena yote."

"Cha mwisho ni cha mke wangu."

"Ndiyo maana nimekuvuta wewe, sikumvuta Waziri."

Bwana Machano alikaa juu ya ndoo. Si kupeana mikono tu kulikomtia baridi. Mheshimiwa Mno alikuwa na kitu kiitwacho Mkono wa Taifa. Kila alipozuru hospitali, bandeji zilifunguliwa, naye akaweka kiganja juu ya kidonda chenyewe na kusema, "Pona!" Redio ikatangaza waliopona. Ambao hawakupona walihesabiwa kuwa wakosefu wa shukrani. Na aliyebuni jambo hilo, mwaka mmoja wa uchaguzi mkavu, wakati kamera zilipokosa cha kupiga, alikuwa Bwana Machano Pandu.

"Mhamishe mke wangu."

"Akibebwa leo nyuzi zitaachia."

"Basi Mheshimiwa anawe kwanza."

"Kwa maji gani? Masinki yazinduliwe kwanza. Na huwezi kuzindua kabla ya salamu. Kifungu hicho kimeandikwa na nani, nikumbushe?"

Alimpigia simu Waziri wa Afya. Alimwomba, kwa unyenyekevu ambao haukuwa kawaida yake, ziara ianzie kitanda cha mwisho.

"Mheshimiwa Mno aanzie mwisho?" Waziri alishusha sauti kama mtu aliyesikia hatua mlangoni. "Machano, unataka watu waseme mwisho wake umeanza? Ndugu yangu, hukunipigia, sikupokea." Simu ikakatika.

Akarudi kwa mkewe, akamweleza yote, macho yamekaza kwenye kiatu chake.

Bi Mize alimsikiliza mpaka mwisho. "Nyumbani kwangu," alisema polepole, maana kila neno lilivuta mshono, "hata adui yangu hali mpaka nimnawishe. Huku mtu ananitia mikono kidondani, imetoka kwenye usaha wa mwenzangu, na mume wangu kanipangia kamera."

"Mize..."

"Mwambie Zena apike wali. Wa nazi, autie hotipoti. Na alete birika langu na beseni. Na sabuni."

"Daktari amekukataza hata uji!"

"Nimekwambia nitakula mie?"

Asubuhi yake ving'ora vilisikika kabla ya magari kuonekana. Wadi ilikuwa imenyunyiziwa marashi, ambayo bakteria, kama wageni wengine wote, waliyafurahia. Mheshimiwa Mno aliingia, na kwa kuingia kwake aliushika mshikio wa mlango, akaukamata hasa, kama anayesalimiana na rafiki wa utotoni.

Alikuwa mtu mpana. Ila watu hawakumtazama yeye, walitazama mkono wake wa kulia. Mkono ule ulikuwa umechorwa kwenye noti. Ulikuwa na mpambe wake.

Bwana Machano alitembea nyuma yake, hatua moja, kama Itifaki itakavyo, asiondoe macho kwenye kiganja kile.

Kitanda cha kwanza kilikuwa na mama mwenye jipu. "Pona!" Makofi. Mheshimiwa akajipangusa jasho kwa mkono uleule, akamshika mtoto shavu, akaomba kile kidude cha madaktari cha kusikilizia moyo, akakichezea, akamrudishia Daktari Ngwali, ambaye alikipokea kwa ncha za vidole kama anayepokea nyoka. Kitanda kilichofuata, mama aliyeungua kwa mafuta. "Pona!" Makofi. Kilichofuata, mshono ulioachia. "Pona!" Mkono ulipapasa pazia. Ulikamata vyuma vya vitanda. Ulikuna sikio la Taifa. Waziri wa Afya naye alifuata akipeana mikono nyuma yake, na nyuma ya Waziri makatibu, kila mmoja akikusanya kilichosazwa.

Machano aliona kama mkono unavimba. Aliona kama unang'aa. Kwenye kitanda cha katikati angeapa kwamba aliwasikia, wale wapinzani wadogo, wakipanda kwa mistari, wakiimba wimbo wa taifa kwa sauti nyembamba: hewala haigombi, hewala haigombi. Akapangusa paji la uso. Hakuna mwingine aliyesikia.

Wakafika kwa Bi Zuwena. Bandeji ikafunguliwa, na mpiga picha mmoja akatoka nje ghafla. Mheshimiwa Mno hakusita. Alikandamiza kiganja chote juu ya mguu ule. "Pona!" Alipouinua mkono ulikuwa umelowa. Alisugua dole gumba na kidole cha shahada, akatabasamu.

"Wananchi wangu," alisema, "wana joto."

Makofi yalikuwa marefu mno. Kisha akageuka kuelekea dirishani.

Sista Perpetua, muuguzi wa zamu, alikuwa amekwisha kulifunua tumbo la Bi Mize. Mshono ulilala pale mwembamba na mkavu, safi kama mshono wa kanzu ya Idi. Mkono wa Taifa ulinyanyuka. Ulikwenda juu ya chuma cha kitanda. Ukavuka shuka. Kati ya kiganja na mshono pangeweza kupita sahani, hapana zaidi.

Na sahani ndiyo iliyopita, imejaa wali wa Zena.

"Karibu chakula, Mheshimiwa," alisema Bi Mize.

Makatibu wakatazamana. Hata wapiga picha walitazamana. Kwani Hewala mtu aweza kuiba kura, aweza kuiba kijiji na ng'ombe wake, lakini hawezi kuambiwa karibu chakula akapita. Mkuu wa nchi aliyetangulia alikataa kipande cha muhogo cha bikizee mmoja, na hakuumaliza mwezi Ikulu. Mheshimiwa Mno aliijua habari hiyo vizuri. Ndiye aliyempokea kiti.

"Ahsante, mama. Nimeshiba."

"Umeshiba vya wakubwa. Chakula cha sisi wanyonge hakipandi?"

Kamera zikageuka zikamtazama. Mheshimiwa alicheka, akaupeleka mkono kwenye wali.

"Bila kunawa?" Bi Mize aliuliza kwa upole, kama mama anavyomuuliza mtoto mbele ya wageni.

Mkono ukaganda juu ya sahani. Kula bila kunawa, mbele ya taifa zima! Mheshimiwa hakugeuza shingo, alisogeza mdomo tu upande mmoja. "Machano. Itifaki inasemaje?"

Itifaki ilisema salamu haijaisha, na ambacho hakijazinduliwa hakipo. Ilisema hivyo wazi, kwa mwandiko wake. Waziri wa Afya alikuwa akimtazama kwa jicho la mtu anayemchagulia mwenzake gereza. Bwana Machano aliutazama mshono wa mkewe, akalegeza tai mbele ya umma kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Inasema mgeni hunawishwa, Mheshimiwa."

"Basi tuzindue!"

Mkasi ukaletwa. Koplo Makungu akapiga saluti na kusogea. Utepe ukakatwa, makofi, bomba likafunguliwa. Likakohoa. Likakohoa tena. Akatoka mjusi, akazitazama kamera, akaona si mahali pake, akarudi ndani. Mainjinia wakaeleza kwa kunong'ona kwamba masinki yamezinduliwa, ila mipira ya kuyaletea maji, hiyo bado.

"Birika hilo hapo," alisema Bi Mize.

Mkuu wa Itifaki wa Hewala akapiga magoti na suruali yake ya kaki iliyopigwa pasi, akashika birika mkono mmoja na beseni mkono mwingine, akammiminia Mheshimiwa Mno maji.

"Sabuni, Mheshimiwa," Bi Mize alielekeza kutoka kitandani. "Na katikati ya vidole. Na kucha. Hiyo ya dole gumba bado. Haya."

Maji ya beseni yaligeuka rangi ambayo haijapewa jina. Mheshimiwa akala tonge, akala la pili, la tatu akalifuata mwenyewe bila kubembelezwa. Akanawishwa tena, kwani mkono wa mafuta hauachwi hivyo. Alipotaka kuuweka juu ya kidonda, Bi Mize alikuwa amekwisha jifunika shuka. "Umekula kwangu, Mheshimiwa. Kidonda kimesikia."

Bwana Machano alibaki amepiga magoti. Alishusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu jana.

Heri angeishusha nusu tu.

"Wananchi!" Mheshimiwa Mno aliviinua viganja vyake vyeupe, akavitazama kwa mapenzi mapya. "Nimezindua viwanda, nimezindua viwanja, sijapata kuonja utukufu kama huu. Kuinamiwa! Kumiminiwa! Kumbe kunawa ni jambo kubwa hivi? Jambo kubwa hivi haliwezi kuachiwa kila mtu. Natamka: tangu sasa, kunawa mikono ndani ya hospitali zote za Hewala ni heshima ya Mkuu wa Nchi peke yake. Atakayenawa kwa ajili ya kuuguza, kufunga kidonda au kupasua, amejifanya mimi. Machano, andika."

Machano aliandika. Waziri wa Afya alipiga makofi mpaka saa yake ikafunguka.

Magari yakaondoka na ving'ora vyake. Koplo Makungu akapewa lindo jipya: masinki aliyaacha, akaambiwa alinde mikono. Bi Mize, aliyekuwa amezitumia nguvu zake zote kwa maneno yale machache, alikuwa ameshikwa na usingizi mzito wa dawa, mdomo wazi. Mumewe alimgusa bega. Hakuamka.

Sista Perpetua akaja na trei ya pamba na bandeji. Alikuwa anatoka kumfunga upya Bi Zuwena, na vidole vyake vilimeremeta. Alikuwa binti mwema. Alimvua Bi Mize shuka, akaonekana mshono, mkavu bado.

"Samahani, baba, nimfunge mama haraka, zamu yangu inakwisha."

"Nawa kwanza, mwanangu."

Sista akamtazama, kisha akamtazama koplo. Koplo Makungu alikuwa ameishusha bunduki begani. "Bwana Mkubwa," alisema, naye mwenyewe hakufurahi, "nimeagizwa. Wino wako haujakauka."

Vidole vilisogea. Bwana Machano alitafuta kifungu. Alivipitia vyote kichwani, mbio, kama mtu anayetafuta funguo nyumba ikiungua. Hakuna hata kimoja alichokiandika kilichoweza kumwokoa mkewe. Macho yake yakaangukia hotipoti.

"Sista Perpetua," alisema, akiifunua. "Karibu chakula."

Binti akasimama, pamba mkononi. "Baba, niko kazini."

"Nimekwambia karibu chakula, mwanangu. Unapita?"

Sista hakuweza kupita. Nani angeweza? Alisogea kwenye birika. Bunduki ikainuka.

"Amri inakataza kunawa kwa kuuguza, kufunga na kupasua," Machano alisema, akiwa tayari amepiga magoti. "Niliandika kwa mkono wangu. Huyu anakwenda kula. Umemwona wapi Mhewala anakula bila kunawa? Koplo! Na wewe karibu."

Koplo Makungu alikuwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri, na harufu ya nazi ilikuwa imemsumbua tangu Mheshimiwa ale tonge la tatu. Alifikiri kwa muda mrefu kadiri ya uwezo wake. Kisha akaiegemeza bunduki kwenye sinki.

Mkuu wa Itifaki akawamiminia. "Katikati ya vidole," alisema. "Na kucha." Sista akala tonge moja, akanawa tena mafuta, akamfunga Bi Mize kidonda kwa mikono safi kama ya bibi harusi. Bi Zuwena, aliyekuwa akiangalia, alivuta mtandio. "Kesho mwanangu ataniletea pweza," alisema. "Na mie nataka kukaribisha."

Basi wadi ikageuka jiko. Kitanda hiki wali, kile chapati, kile samaki wa kupaka. Muuguzi hakuweza kumfikia mgonjwa bila kukaribishwa, wala kukaribishwa bila kunawa. Daktari Ngwali alipewa tonge kabla ya kila kupasua na tonge baada yake, akaota kitambi. Wauguzi walinenepa mpaka sare zikashonwa upya. Vidonda vikakauka. Mguu wa Bi Zuwena ulirudi nyumbani ukiwa na Bi Zuwena. Mlango wa nyuma ukashika kutu, na Hewala haikuwa na mtu wa kuuzindua upya.

Serikali ikaunda Tume ichunguze kulikoni. Bi Mize alikuwa nyumbani, anakuna nazi, mshono wake umebaki mstari mwembamba, siku mumewe aliporudi kazini uso umesawijika.

"Tume imemaliza," alisema. "Imeona watu wanapona. Imesema ni ule Mkono wa Taifa, nguvu zake bado zimo wadini. Mheshimiwa ametunukiwa udaktari."

"Hewala."

"Wa upasuaji, Mize. Na ameupokea. Jumatatu ataanza kupasua mwenyewe."

Bi Mize aliacha kukuna. Alilitazama birika rafuni. Kisha akanyanyuka, akashusha sufuria, si lile la kila siku, lile la harusi.

"Usisimame hapo, Baba Zena," alisema. "Kalete mchele."

Habari za Hewala mwisho wake ni huu. Aliyezionja, utamu ni wake, na aliyemwagikiwa, maji hayo hapo.